Maswali ya Wasomaji: Mkongwe wa Vita Anapoitwa Kuwafundisha Raia

Toleo lililopita lilikuwa na makala fupi iliyopendekeza kwamba wanajeshi waliorudi uraiani baada ya vita waitwe kuwafundisha raia namna ya kujikinga na kuokoana wakati wa hatari, na kwamba kazi hiyo ingewasaidia wao wenyewe kuyazoea tena maisha ya kawaida. Barua zilizofuata ni nyingi kuliko nafasi niliyopewa. Nimechagua zile zinazouliza jambo la kutendwa, nimezifupisha, na nimeondoa kila kitu kinachoweza kumtambulisha aliyeandika.

Mheshimiwa Mwandishi, mimi ni ofisa katika halmashauri ya mji. Tumeagizwa tuandae mafunzo ya ulinzi wa raia, na wakongwe wa vita tunao wa kutosha. Wenzangu wawili wanabishana: mmoja anataka wakongwe hao wafundishe shabaha na kwata, mwingine anasema bunduki isionekane hata kwa picha. Yupi yuko sahihi, na wafundishe nini hasa?

Ndugu Ofisa, mwenzako wa pili yuko karibu zaidi na sheria, ingawa naona amekwenda mbali kidogo kwa kuogopa hata picha. Ulinzi wa raia una maana yake maalumu katika sheria za kimataifa. Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, iliyoongezwa juu ya Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, inataja katika kifungu chake cha 61 kazi 15, zikiwemo kutoa tahadhari, kuwahamisha watu, kusimamia mahandaki ya kujikinga, kuwaokoa waliofukiwa, kutoa huduma ya kwanza, kuzima moto, kuweka alama kwenye maeneo ya hatari, kutafuta malazi ya dharura, kurudisha maji na umeme, na hata kuwazika kwa haraka waliokufa. Katika orodha hiyo yote hakuna kulenga shabaha. Watu wanaofanya kazi hizi wanayo alama yao, pembetatu ya buluu yenye pande sawa juu ya rangi ya chungwa, na alama hiyo inawapa kinga maadamu hawatoki nje ya kazi yao na kuingia katika vitendo vya kumdhuru adui.

Tofauti hii inagusa maisha ya watu. Raia anayeshiriki moja kwa moja katika mapigano hupoteza kinga yake kwa muda wote anaoshiriki. Kwa hiyo mtu aliyekuja kwenu kujifunza kuzuia damu asijikute amefundishwa, bila kuulizwa, mambo yanayomweka katika kundi jingine kabisa. Nchi inayo haki ya kuwa na mgambo na jeshi la akiba, na wakongwe wanaweza kufundisha huko pia, lakini hilo ni darasa lingine, lenye daftari lake, viapo vyake na sheria yake. Ukraine ilipotunga sheria yake ya upinzani wa kitaifa mwaka 2021, sheria iliyoanza kutumika Januari 1, 2022, wiki chache tu kabla ya uvamizi wa Februari 24, ilitenga waziwazi ulinzi wa maeneo, harakati za upinzani, na maandalizi ya raia kwa jumla. Utengano wa namna hiyo ndio ninaokusihi uuweke kwenye karatasi kabla hujamwita mkufunzi yeyote.

Sasa, wafundishe nini? Wapeni yale wanayoyajua kwa mikono yao, yaani kuzuia damu inayotoka kwa nguvu, kumbeba majeruhi bila machela, kutambua risasi na mabomu ambayo hayajalipuka na kuyaacha pale pale yalipo, kuzungumza kwenye redio ya upepo kwa maneno machache yanayoeleweka, na kujua la kufanya tangu king'ora kinapolia hadi mlango wa handaki unapofungwa. Yapo mambo ambayo mkongwe, hata awe amepigana miaka mingi, hana ujuzi nayo zaidi ya raia mwingine. Kuingia chini ya jengo lililoporomoka ni kazi ya kikosi cha zimamoto na uokoaji, na kushughulikia sumu za kemikali kuna wataalamu wake. Finland ina mahandaki yapatayo 50,500 yenye nafasi ya watu wapatao milioni 4.8, na sheria inataka yaweze kuwa tayari ndani ya saa 72. Kazi ya kulitayarisha handaki, kuwasha mitambo ya hewa, kukagua mlango na kupanga nani akae wapi, inahitaji mtu aliyefundishwa kazi hiyo hasa. Mkongwe anaweza kuwa mwanafunzi katika darasa hilo, na si vibaya raia wakamwona akijifunza pamoja nao.

Mwandishi mpendwa, mume wangu alirudi kutoka vitani akiwa mzima wa mwili. Halali vizuri usiku, na mlango ukibamizwa huruka. Chuo cha ufundi kimemwalika awafundishe vijana huduma ya kwanza na tahadhari za mabomu, naye amefurahi kuliko nilivyomwona akifurahi tangu arudi. Mimi naogopa. Nimzuie?

Dada yangu, usimzuie, lakini usiache pia kuogopa, maana hofu yako ina msingi na itatusaidia kupanga mambo. Furaha yake na hatari unayoiona zote ni za kweli. Mwanajeshi akiwa kikosini huamka akijua anatakiwa wapi na nani anamtegemea; akirudi nyumbani hukuta watu wamezoea kuishi bila yeye, na ujuzi aliougharamia kwa miaka hauna wa kuuhitaji. Mwaliko wa chuo umemrudishia sehemu ya kitu hicho. Ningesikitika kuona anaunyimwa kwa sababu tu halali vizuri.

Hata hivyo, kufundisha si tiba, na hapa waandaaji wengi wanajidanganya. Wengi waliopigana hawapati ugonjwa wa kudumu wa kiwewe, na wanaoupata wanatibika. Madaktari wa akili wa Marekani waliuingiza rasmi katika orodha yao ya magonjwa mwaka 1980, na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2013, linapendekeza matibabu ya mazungumzo yanayolenga kiwewe chenyewe, yakiendeshwa na mtu aliyesomea. Mwongozo huo huo unakataza mtindo wa kumketisha mtu mara moja tu, punde baada ya tukio baya, na kumtaka amwage yote aliyoyaona kwa kudhani kwamba atapona kwa kuyasema. Nayataja haya kwa sababu utakuta mratibu mwenye nia njema anamsimamisha mkufunzi mbele ya vijana na kumwambia, "Tuanze na simulizi yako." Mumeo hakuitwa kusimulia. Ameitwa kufundisha namna ya kuokoa maisha, na anayo haki ya kujibu kwamba simulizi yake si sehemu ya somo.

Kabla hajaanza, mwombe akutane na mnasihi au daktari wa akili, hata mara chache, ili awepo mtu wa kumwendea iwapo mambo yatachacha. Kisha yeye mwenyewe, si wewe, akubaliane na chuo mambo kadhaa. King'ora kisilizwe bila yeye kujua saa na dakika. Fataki na milio ya bandia ya milipuko isitumike, kwani hata raia hawahitaji vitu hivyo ili wajifunze kufunga jeraha. Awepo mkufunzi wa pili ndani ya chumba, mtu anayeweza kuendeleza somo pale pale mumeo akihitaji kutoka nje, bila maelezo na bila macho ya darasa zima kumfuata. Vijana waambiwe mapema kwamba swali la "umewahi kuua?" haliulizwi. Wataliuliza tu wasipoambiwa. Vijana ndivyo walivyo. Achague pia mada zake. Kama alimpoteza mwenzake kwa bomu la kutegwa ardhini, tahadhari za mabomu zifundishwe na mwingine hadi hapo atakapotaka mwenyewe.

Jicho lako lielekee zaidi usiku unaofuata somo kuliko somo lenyewe. Wakufunzi wa aina hii mara nyingi husimama imara darasani, kisha hulipa baadaye kwa usingizi wa mang'amung'amu, hasira za ghafla, ukimya wa siku mbili, au pombe. Ukiona hali hiyo inarudi kila baada ya somo na inazidi badala ya kupungua, mwambie waziwazi, naye aombe kupumzika. Akianza kusema kwamba ni afadhali angekufa, usingoje somo lijalo. Mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo, na kama anayo silaha nyumbani itolewe ihifadhiwe kwingine.

Na wewe je? Katika barua yako yote hukuandika hata mstari mmoja kuhusu usingizi wako mwenyewe. Mkipata huduma ya unasihi, ulizieni kama wanapokea pia wake na waume wa wanajeshi. Wengi wanapokea, ila hawalitangazi.

Mwandishi, nimepigana, nimestaafu, na sasa nimeombwa nifundishe ulinzi wa raia "kwa moyo wa kujitolea", kwa ahadi ya cheti na chakula cha mchana. Nilipouliza habari ya malipo, niliambiwa kwamba mzalendo hahesabu fedha. Je, nimekosea kuuliza?

Afande, hukukosea. Kujitolea ni jambo la heshima pale mtu anapojitolea mwenyewe. Ukishatolewa na mwingine, neno hilo halikufai tena. Mkufunzi wa zimamoto analipwa, daktari anayefungua kozi analipwa, hata aliyechapa mabango amelipwa. Sioni sababu ya uzalendo kudaiwa mtu mmoja tu, tena yule aliyekwisha kulipa sehemu kubwa ya deni lake.

Historia ya kuwarudisha wanajeshi uraiani inaonyesha wazi kwamba heshima isiyo na riziki haidumu. Rais Roosevelt wa Marekani aliposaini sheria ya wanajeshi wanaorejea, Juni 22, 1944, sheria hiyo ilibeba ada ya masomo, posho ya kujikimu, dhamana ya mkopo wa nyumba, na dola 20 kwa wiki kwa asiye na kazi, hadi wiki 52. Kufikia mwaka 1956 watu wapatao milioni 7.8 walikuwa wamesoma au kujifunza ufundi kwa msaada huo. Nao haukuwafikia wote sawasawa, maana wakongwe weusi walikwamishwa na vyuo vilivyowafungia milango na mabenki yaliyowanyima mikopo. Msumbiji, baada ya mkataba wa Roma wa Oktoba 4, 1992, uliomaliza vita vyake vya wenyewe kwa wenyewe, ilitumia njia nyingine: wapiganaji wa pande zote mbili walilipwa posho kwa miaka miwili wakiwa wametawanyika makwao. Posho ile ilinunua utulivu wakati nchi ilipouhitaji sana, lakini ilipokwisha wengi walibaki bila kazi. Kwa hiyo ukiniuliza kipi kilicho bora, nitasema malipo yenye kazi ndani yake, na kazi yenye cheti kinachotambuliwa kwingine.

Rudi kwao na uwaombe mkataba ulioandikwa. Uonyeshe malipo ya saa za kufundisha na za kuandaa somo pia, nauli, bima ya ajali, na mafunzo ya ukufunzi ambayo mwisho wake ni cheti kinachokubalika na mwajiri mwingine. Uliza pia kama malipo hayo yatapunguza pensheni yako au posho yako ya ulemavu, kwa sababu baadhi ya taratibu humkata mtu kiinua mgongo au posho pale tu anapoonekana ana kipato, na hapo utakuwa umefundisha kwa hasara. Wakikubali, nenda. Wakikataa na bado ukataka kwenda, nenda kwa hiari yako, ila kwa saa ulizozipanga mwenyewe.

Mwalimu, mimi ni mwalimu wa sekondari. Mkongwe aliyeletwa shuleni kwetu anajua kazi yake, lakini anawafokea wanafunzi, anawaita kuruta, na aliyechelewa hupigishwa pushapu. Wavulana wachache wanampenda mno, wengine wote wameacha kuja. Mkuu wa shule anasema ndivyo nidhamu ilivyo. Nifanye nini?

Mwalimu mwenzangu, mkuu wako anachanganya nidhamu na kambi. Kuruta hupigishwa kwata kwa sababu jeshi linataka mwili utii kabla akili haijapata nafasi ya kubishana. Ulinzi wa raia unataka kinyume chake kwa sehemu kubwa: mama mwenye mtoto mgongoni, mzee mwenye fimbo na mwanafunzi wa kidato cha tatu kila mmoja aamue mwenyewe, pasipo amiri wa kumwamuru, kwamba mlango huu hautumiki na njia ile ndiyo ya kwenda. Aliyezoea kungoja sauti ya kufokewa atasimama kuingoja hata siku ambayo mwenye sauti hayupo.

Lakini simlaumu sana mkongwe huyo. Hivyo ndivyo alivyofundishwa yeye, na hakuna aliyemwonyesha njia nyingine. Kujua jambo na kujua kulifundisha ni stadi mbili, na Ukraine, iliyowaingiza wakongwe kama walimu katika somo la ulinzi wa nchi kwa wanafunzi wa madarasa ya juu, imelazimika kuwapa kwanza mafunzo ya ualimu. Nakushauri ukae naye kabla ya somo lijalo mpange pamoja. Wewe unajua darasa, yeye anajua jambo.

Chukua mfano wa somo moja tu, la kufunga mkanda wa kuzuia damu kwenye mkono au mguu. Darasani kosa la kawaida ni lile lile: mwanafunzi anamfunga mwenzake kwa upole, kwa kuwa hataki kumwumiza. Kitabu kinasema ukazwe hadi damu ikome, na mwanafunzi anasoma, anaitikia, kisha anafunga kwa upole tena. Hapa ndipo mkongwe anapofaa kuliko kitabu. Hahitaji kufoka. Ainame kando ya meza, auweke mkanda sentimita tano hadi saba juu ya jeraha, wala si juu ya kiungo, azungushe kijiti hadi mwanafunzi anayejitolea aone rangi ya vidole vyake ikibadilika, na aseme kwa sauti ya kawaida, "Utamwumiza. Atakupigia kelele uache. Usiache." Kisha aulegeze mara moja, aandike saa kwenye kipande cha plasta, na aeleze kwamba saa ile ndiyo daktari atakayoitafuta kwanza. Mwanafunzi aliyeyasikia maneno hayo kutoka kwa mtu aliyewahi kupigiwa kelele hizo hatafunga kwa upole tena.

Kuna tukio la zamani ninalopenda kulitaja. Uingereza ilipounda kikosi chake cha raia wa kujitolea Mei 1940, wakati uvamizi ukihofiwa, wakufunzi wengi wa jeshi walianza na gwaride. Tom Wintringham, aliyekuwa amepigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, alifungua shule huko Osterley Park Julai mwaka huo, akawaleta wakongwe wenzake wa vita ile, na wakaacha gwaride kando wakafundisha yale waliyoyakuta vitani. Mafunzo yale yalikuwa ya kupigana, kwa hiyo siyapendekezi shuleni kwako. Ninachokipendekeza ni uamuzi wao wa kuanza na jambo lenyewe, na kumchukulia mwanafunzi kama mtu mzima mwenye akili.

Pushapu zikomeshwe kuanzia leo. Hilo halihitaji kikao. Na wale wavulana wachache wanaompenda mno, wafuatilie kwa karibu, ujue wanachokipenda ni somo au ni vita.

Mwandishi, nina binti wa miaka kumi na minne. Sitaki shule imfanye askari. Kwa nini watoto waguswe na mambo haya kabisa?

Mama, king'ora hakiulizi umri. Sweden ilisambaza kijitabu cha maandalizi ya vita na majanga kwa kila kaya mwaka 2018, ikakitoa upya mwaka 2024, na Latvia imefanya elimu ya ulinzi wa taifa kuwa somo la lazima katika sekondari tangu mwaka wa masomo wa 2024/2025. Unaweza kuukubali mtindo wa kwanza na kuutilia shaka wa pili, kama ninavyofanya mimi. Kujua mahali pa kujificha, kutogusa chuma usichokijua, na kuzuia damu hakumfanyi mtoto kuwa askari. Kuvishwa sare, kushikishwa silaha, kufundishwa kumchukia mtu wa upande fulani au kuorodheshwa kwa ajili ya baadaye ni jambo lingine, na Itifaki ya mwaka 2000 kuhusu watoto katika mapigano inazitaka nchi zichukue kila hatua inayowezekana kuhakikisha kwamba askari wao walio chini ya miaka 18 hawashiriki moja kwa moja katika vita. Omba uone mpango wa somo. Shule isiyotaka kukuonyesha imekwisha kukujibu.

Mwandishi, nina mguu wa bandia. Nilipojitokeza kuwa mkufunzi niliambiwa nitawatisha watu. Je, nijiondoe?

Usijiondoe, kaka. Waambie wakupe somo la kuwahamisha watu wenye ulemavu, ambalo mipango mingi hulisahau hadi siku handaki linapogundulika lina ngazi tupu na halina mteremko. Utaviona vizingiti vya jengo kabla mtu mwenye miguu miwili hajaviona. Uwe na haki ya kukaa unapofundisha, na ratiba isikusimamishe mchana kutwa. Hayo tu ndiyo marekebisho yanayotakiwa kwa upande wako. Hofu ya watu huisha baada ya nusu saa ya somo zuri, na aliyekuambia maneno yale ndiye anayehitaji kuhudhuria.

Mheshimiwa, sisi tumetoka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Wakongwe wapo wa pande mbili, wengine wanaishi mtaa mmoja na familia walizozitisha. Kamati yetu inataka kuwaweka wote katika timu moja ya ulinzi wa raia kama ishara ya maridhiano. Tufanye hivyo?

Ndugu Mwanakamati, neno lililonishtua katika barua yako ni "ishara". Mkianza kwa kutafuta ishara, mtachagua watu wanaopendeza kwenye picha na kuwaacha wanaojua kazi, na familia zile zilizotishwa zitaambiwa zisameheane na mtu kwa sababu tu anavaa fulana ya timu.

Lakini kazi yenyewe inawezekana, na Msumbiji ni ushahidi wa karibu. Baada ya mwaka 1992, wanajeshi waliovunjiwa vikosi vyao walikuwa miongoni mwa waliofundishwa kutegua mabomu ya ardhini, yale yale ambayo majeshi yao yalikuwa yameyafukia, na Septemba 2015 nchi ilitangaza kwamba maeneo yote yaliyojulikana kuwa na mabomu hayo yamesafishwa. Ilichukua zaidi ya miaka 20. Wale watu hawakukalishwa chini kwanza wakapatane kisha ndipo wakapewa vifaa. Walipewa kazi yenye hatari iliyo sawa kwa wote, yenye kanuni zisizompendelea yeyote, na yenye faida ambayo mwanakijiji aliweza kuipita kwa miguu. Ulinzi wa raia una sifa hizo hizo. Aliyefukiwa na kifusi haulizwi alikuwa upande gani, na anayemchimbua vivyo hivyo.

Kwanza, chunguzeni kila jina. Anayetuhumiwa kuua raia, kutesa au kubaka asipewe nafasi ya kufundisha wala ya kuingia katika nyumba za watu kukagua mahandaki. Tuhuma zake ziende kwenye vyombo vya sheria, na timu yenu isiwe mahali pa kujisafishia. Familia zilizoumizwa ziulizwe faraghani, nyumba kwa nyumba, na mtu wanayemwamini, si katika mkutano wa hadhara ambako hakuna atakayethubutu kusema hapana. Wakisema fulani asije mtaani kwao, asipangwe mtaani kwao, na yasitakiwe maelezo.

Pili, msianzie darasani. Mkufunzi aliyesimama mbele ya watu amepewa mamlaka juu yao, na hilo ndilo jambo la mwisho ambalo majirani wale wanaweza kulimeza. Anzeni na kazi za mikono zinazoonekana, kama vile kukarabati pampu ya maji, kusafisha mfereji unaofurika, kuweka alama za njia ya kutokea katika zahanati na shule. Baada ya msimu mzima mtajua nani anatunza vifaa, nani anafika kwa wakati, nani anatukana. Kutoka hao ndipo mchague wachache wapelekwe kusomea ukufunzi, nao wafundishe wawili wawili, mmoja wa upande huu na mmoja wa upande ule, kama wenyewe wanaridhia kufanya kazi pamoja.

Wasiporidhia, watengeni katika zamu mbili na muendelee na kazi. Ila redio za upepo ziwe za masafa mamoja na funguo za stoo ziwe nakala mbili, ili siku ya dharura zamu moja isingoje ruhusa ya nyingine.